Kapani na Modiano: masoko ya chakula ya Thessaloniki yaliyoanzia kwenye mizani

THESSALONIKI ni mji wa pili kwa ukubwa nchini Ugiriki baada ya Athens, na ndiyo bandari kuu ya kaskazini mwa nchi hiyo. Wengi katika Afrika Mashariki wamelisikia jina lake kanisani, kwani ndiyo Thesalonike ambayo Wakristo wake waliandikiwa nyaraka mbili na Mtume Paulo. Kwa wafanyabiashara wa nchi za Balkani, hata hivyo, mji huo unajulikana zaidi kwa bandari yake na kwa masoko yake ya chakula.

Masoko hayo ni Kapani na Modiano. Yako katikati ya mji, yanatenganishwa na mtaa mmoja tu, na mtu anaweza kuyapita yote mawili kwa miguu kwa muda usiofika nusu saa. Lakini anayepita kwa haraka hivyo hataona jambo lililo muhimu kwa mfanyabiashara na msafirishaji: kwamba masoko haya yalizaliwa na njia za bidhaa, na kwamba moto, vita, mipaka iliyofungwa na benki zilizofungwa vyote vimeacha alama hapo.

Yalipo masoko

Barabara kuu inayokata mji kutoka magharibi hadi mashariki inaitwa Egnatia. Jina hilo ni la barabara ya Warumi, Via Egnatia, iliyotoka pwani ya nchi ambayo leo ni Albania, ikapita Thessaloniki na kuelekea mji ambao leo unaitwa Istanbul. Barabara ya kisasa yenye jina hilo hilo, Egnatia Odos, ina urefu wa kilomita 670 kutoka bandari ya Igoumenitsa hadi mpaka wa Uturuki, na ilikamilika mwaka 2009.

Kapani liko kati ya mitaa ya Egnatia na Ermou, kando ya uwanja mrefu wa Aristotelous. Ni mkusanyiko wa vichochoro vyenye paa, wenye mabucha, meza za samaki, mapipa ya zeituni, maduka ya viungo, jibini, mboga na matunda. Modiano liko upande wa pili wa mtaa wa Ermou, kuelekea baharini. Hilo ni jengo moja kubwa lenye kumbi ndefu na paa la kupitisha mwanga.

Hatua chache kutoka hapo lipo jengo la Bezesteni, lenye makuba sita, lililojengwa na Waturuki katika nusu ya pili ya karne ya 15, baada ya kuuteka mji mwaka 1430. Lilikuwa soko la vitambaa, na hadi leo vitambaa vinauzwa humo.

Kwamba eneo hilo ni la biashara tangu zamani kulithibitika pia chini ya ardhi. Ujenzi wa reli ya chini ulianza mwaka 2006, na mafundi walipochimba kituo cha Venizelou walikuta barabara ya kale iliyotandikwa mawe ya marumaru, ikiwa na mabaki ya maduka pande zote mbili. Ugunduzi huo ulizusha mabishano marefu na kuchangia kuchelewesha mradi. Reli hiyo yenye vituo 13 ilifunguliwa Novemba 30, 2024, na mabaki hayo sasa yanaonekana ndani ya kituo.

Jina linalotokana na mizani

Jina Kapani lina asili ambayo madereva wa malori wa Afrika Mashariki wataielewa upesi. Neno la Kituruki kapan lilitokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mizani kubwa ya kupimia mizigo. Katika miji ya Milki ya Osmani, kapan lilikuwa mahali ambapo bidhaa za aina fulani zilizoingia mjini zilipaswa kupelekwa kwanza. Hapo zilipimwa, zikatozwa ushuru, kisha zikagawiwa kwa wauzaji wa rejareja. Soko la Thessaloniki liliitwa Un Kapan, yaani mizani ya unga. Baadaye unga uliondoka katika jina, ikabaki mizani.

Kwa hiyo Kapani halikuanza kama mahali pa kuuzia mboga tu. Lilikuwa kituo cha kupimia na kutozea ushuru, na wauzaji wakakaa karibu na mizani kwa sababu ndipo mizigo iliposhushwa. Vituo vingi vya mipakani vimekua kwa namna hiyo hiyo.

Maneno mengine ya sokoni nayo yana undugu na Kiswahili. Wachukuzi wa mizigo wa Thessaloniki, ambao wengi walikuwa Wayahudi maskini, waliitwa kwa neno lile lile la Kiarabu lililoingia Kiswahili kuwa hamali. Wagiriki pia hulitumia neno pazari, ambalo ni ndugu wa bazari.

Moto wa 1917 na kujengwa kwa Modiano

Thessaloniki ilitoka mikononi mwa Waturuki na kuingia katika Ugiriki mwaka 1912. Miaka mitano baadaye, Agosti 1917, moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji. Nyumba zipatazo 9,500 ziliungua na watu zaidi ya 70,000 walibaki bila makazi. Maduka, maghala, misikiti, makanisa na masinagogi yaliteketea pamoja.

Serikali ilimkabidhi mbunifu wa Kifaransa, Ernest Hébrard, kazi ya kuongoza mpango mpya wa mji. Mitaa ilinyooshwa na kupanuliwa, lakini eneo la masoko halikuhamishwa mbali. Lilibaki karibu na Bezesteni, mahali ambapo wanunuzi walikuwa wamezoea kwenda.

Katika miaka ya 1920 ndipo soko la Modiano lilipojengwa. Limepewa jina la mbunifu wake, Eli Modiano, Myahudi wa mji huo aliyesomea uhandisi Paris. Kiwanja chake kilikuwa mahali pa sinagogi la Talmud Torah lililoungua katika moto ule. Tofauti na vichochoro vya Kapani, Modiano lilipangwa tangu mwanzo kuwa soko la ndani lenye mpangilio: vibanda vinavyolingana, njia pana na hewa ya kutosha.

Miaka hiyo hiyo wateja na wauzaji wapya waliingia mjini. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu kwa misingi ya dini. Maelfu ya Wagiriki wa Asia Ndogo walifika Thessaloniki, na Waislamu wa mji huo wakaondoka. Wakimbizi hao walikuja na mapishi yao: nyama ya kukaushwa kwa viungo iitwayo pastourmas, soseji za soutzouki na vyakula vyenye pilipili, jira na mdalasini. Vyote hivyo sasa huhesabiwa kuwa chakula cha mji.

Siku ya mapumziko na watu waliotoweka

Wayahudi waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492 walikuwa wamepokewa Thessaloniki kwa wingi, na kwa karne kadhaa wakawa ndio uti wa mgongo wa biashara ya mji. Bandari na maduka mengi yalipumzika siku ya Jumamosi, Sabato yao. Mwaka 1924 serikali ya Ugiriki ilifanya Jumapili kuwa siku ya mapumziko kwa wote. Myahudi aliyeshika dini yake alijikuta akifunga duka siku mbili kwa wiki wakati jirani yake akifunga moja. Kwa mwenye kibanda cha samaki au matunda, hasara ya siku moja kila wiki si jambo dogo.

Lililofuata lilikuwa kubwa zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani waliukalia mji. Kuanzia Machi hadi Agosti 1943 walipeleka Wayahudi wa Thessaloniki zaidi ya 45,000 kwa treni za mizigo hadi kambi ya Auschwitz, ambako karibu wote waliuawa. Hao walikuwa wenye maduka, mawakala, wavuvi, hamali na wanunuzi. Soko la Modiano halikubomolewa na vita, lakini jamii iliyomzaa mbunifu wake ilitoweka katika muda usiozidi miezi sita. Hadi leo jina la jengo ni mojawapo ya kumbukumbu zao chache zinazotajwa kila siku na watu waendao kununua chakula.

Bandari inayotegemewa na majirani

Masoko ya Thessaloniki hayawezi kuelezwa bila nchi zilizo nyuma yake. Reli ya kuelekea Skopje ilijengwa katika miaka ya 1870, na mwaka 1888 mji uliunganishwa kwa reli na Ulaya ya kati. Kwa mkataba wa mwaka 1923, nchi iliyokuja kuitwa Yugoslavia ilipewa eneo huru ndani ya bandari ili mizigo yake ipite bila kutozwa ushuru wa Ugiriki. Utaratibu huo unafanana na ule unaotafutwa na kila nchi isiyo na bahari.

Hasara ya kufunga njia hiyo ilionekana miaka ya 1990. Baada ya Yugoslavia kuvunjika, Ugiriki ilipinga jirani yake mpya kutumia jina la Makedonia. Februari 1994 iliizuia nchi hiyo kutumia bandari ya Thessaloniki, isipokuwa kwa chakula, dawa na misaada. Mizigo ililazimika kuzunguka kupitia Bulgaria na Albania kwa gharama kubwa. Zuio liliondolewa Oktoba 1995, baada ya makubaliano ya muda yaliyotiwa saini mwezi uliotangulia. Mgogoro wa jina ulimalizwa na mkataba wa Prespa wa mwaka 2018, na tangu Februari 2019 nchi hiyo inaitwa Makedonia Kaskazini. Mwaka 2018 pia ndipo asilimia 67 ya hisa za bandari zilipouzwa kwa wawekezaji binafsi kwa euro milioni 231.9.

Leo kituo cha Evzoni, mpakani mwa Makedonia Kaskazini, kiko takriban kilomita 70 kutoka mjini, na Promachonas, mpakani mwa Bulgaria, takriban kilomita 100. Vituo hivyo havifanani kikazi. Bulgaria imo katika Umoja wa Ulaya, na tangu Januari 1, 2025 ukaguzi wa kawaida wa pasipoti katika mpaka wa nchi kavu kati yake na Ugiriki umeondolewa. Makedonia Kaskazini haimo, hivyo lori linalotoka Skopje bado lina forodha, hati za kupitisha mizigo na ukaguzi wa afya ya vyakula.

Benki zilipofungwa

Msukosuko wa uchumi wa Ugiriki uliodhihirika mwaka 2010 uliyagusa masoko haya moja kwa moja. Wateja walipunguza matumizi na vibanda vingi vya Modiano vikafungwa, hata sehemu kubwa ya jengo ikabaki tupu. Mwishoni mwa Juni 2015 serikali ilifunga benki kwa wiki tatu na kuweka kikomo cha kutoa fedha, euro 60 kwa siku. Malipo ya kwenda nje ya nchi yalihitaji kibali, na waagizaji wa bidhaa wakakwama hata pale walipokuwa na fedha katika akaunti. Masharti hayo yalilegezwa hatua kwa hatua na kuondolewa kabisa Septemba 1, 2019.

Modiano lilinunuliwa na mwekezaji binafsi, likakarabatiwa na kufunguliwa upya Desemba 2022. Jengo limerudi katika hali nzuri, lakini sura ya biashara imebadilika: migahawa na vyakula vya kuliwa papo hapo vimechukua nafasi kubwa. Anayetafuta soko la watu wa kawaida, lenye kelele za wauza samaki na bei zilizoandikwa kwa mkono, huvuka mtaa na kuingia Kapani.

Bidhaa na kalenda ya biashara

Zeituni kubwa za kijani hutoka rasi ya Halkidiki, iliyo jirani. Zafarani hutoka Kozani, magharibi mwa Thessaloniki. Pilipili nyekundu iliyopondwa inaitwa boukovo, jina la kijiji kilicho karibu na Bitola, upande wa pili wa mpaka. Jina limebaki lile lile licha ya migogoro yote.

Jibini la feta linauzwa kutoka kwenye mapipa au makopo yenye maji ya chumvi. Jina hilo linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 2002, na mahakama ya umoja huo ililithibitisha mwaka 2005. Ni jibini la Ugiriki pekee, la maziwa ya kondoo yenye maziwa ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30, lililokaa angalau miezi miwili, ndilo linaloruhusiwa kuitwa feta. Jibini jeupe la maziwa ya ng'ombe kutoka nchi nyingine linaweza kuuzwa, lakini kwa jina jingine.

Mahitaji hupanda na kushuka kwa kufuata kalenda ya Kanisa la Orthodox. Wakati wa Kwaresima waumini huacha nyama, maziwa na samaki wa kawaida, ila pweza, ngisi, kamba na kome huruhusiwa, hivyo bidhaa hizo hutafutwa sana. Machi 25 huliwa chewa wa chumvi wa kukaanga. Pasaka ni siku ya mwanakondoo, na wanyama wengine huletwa kutoka nchi jirani kama Romania na Makedonia Kaskazini.

Miaka ya karibuni imekuwa migumu kwa ugavi. Julai 2024 ugonjwa wa sotoka ya mbuzi na kondoo, unaofahamika vema na wafugaji wa Afrika Mashariki, ulithibitishwa Ugiriki kwa mara ya kwanza, na serikali ikazuia usafirishaji wa wanyama hao nchi nzima. Ndui ya kondoo nayo imesababisha kuuawa kwa mamia ya maelfu ya mifugo. Majira hayo hayo ya joto ya 2024, maji ya Ghuba ya Thermaikos yalipata joto kupita kiasi, na wafugaji wa kome walio jirani na Thessaloniki wakapoteza sehemu kubwa ya mazao yao.

Samaki wa Afrika Mashariki na lebo ya Ulaya

Ugiriki imekuwa miongoni mwa wanunuzi wa minofu ya sangara wa Ziwa Victoria. Biashara hiyo ina kumbukumbu yake chungu. Januari 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa tuhuma za uvuvi wa sumu. Njia zilifunguliwa tena baada ya maabara, mialo na viwanda kurekebishwa.

Tangu hapo msingi ni ule ule. Nchi lazima iwe imeidhinishwa, kiwanda kiwe katika orodha ya umoja huo, shehena iwe na cheti cha afya, na ukaguzi ufanyike katika kituo cha mpakani kilichoteuliwa. Aidha, lebo ya samaki dukani lazima ionyeshe jina la kibiashara na la kisayansi, kama amevuliwa au amefugwa, na mahali alikotoka. Namba 37 ya FAO ina maana ya Mediterania na Bahari Nyeusi. Namba 51 ni Bahari ya Hindi upande wa magharibi, zikiwemo pwani za Kenya na Tanzania. Samaki wa maji baridi hutajwa kwa jina la ziwa au mto na nchi. Kwa hiyo mvuvi wa ziwani anaweza asifike Ulaya maisha yake yote, lakini ziwa lake husomwa na mteja.

Kwa anayetembelea

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanahitaji viza ya Schengen, ambayo kwa ziara fupi hairuhusu zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Tangu Oktoba 2025 umeanza mfumo mpya wa kuandikisha alama za vidole na picha mpakani kwa wageni wasio raia wa Ulaya, hivyo siku huhesabiwa kwa kompyuta, si kwa mihuri.

Fedha taslimu za kuanzia euro 10,000 hutangazwa forodhani. Ndani ya Ugiriki, mteja haruhusiwi kulipa dukani kwa fedha taslimu kiasi kinachozidi euro 500. Hutumia kadi au benki. Risiti idaiwe kila mara.

Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi katika mizigo ya msafiri wa kawaida. Matunda na mimea huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani.

Madereva wa malori katika Umoja wa Ulaya huendesha saa 9 kwa siku, na wanaweza kufika saa 10 mara mbili tu kwa wiki. Baada ya saa 4 na nusu hupumzika dakika 45. Saa hizo hurekodiwa na kifaa kilichomo ndani ya gari. Lori halina nafasi katika mitaa ya masoko. Ni vema liachwe nje ya katikati ya mji, na safari imaliziwe kwa reli ya chini hadi kituo cha Venizelou.

Kapani hufaa zaidi asubuhi, kuanzia saa mbili au saa tatu, kabla ya samaki wazuri kuondoka. Jumapili vibanda vya chakula hufungwa. Bei huandikwa kwa kilo na kodi imeshaingizwa humo. Mizani ya ushuru iliyolipa soko hilo jina haipo tena, lakini kila muuzaji ana ya kwake, na mnunuzi mzoefu wa Thessaloniki huitazama kama wafanyavyo wenzake wa Kariakoo: kabla ya kutoa fedha, si baada.